Ikoma: Boma lililoanguka mara mbili na vijiji vilivyoinuka

Mgeni anayeingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti akitokea upande wa Mugumu hupita lango la Fort Ikoma, jirani na kijiji cha Robanda. Husoma jina hilo kwenye kibao, akalipa ushuru, akaendelea na safari ya kuwafuata nyumbu. Ni wachache wanaoambiwa kwamba hapa palikuwa na ngome ya vita, na kwamba askari wa mataifa mawili ya Ulaya waliwahi kupigana juu ya vilima hivi.

Kabla ya ngome hiyo palikuwa na Waikoma, pamoja na majirani zao Wanata na Waisenye. Walilima mtama na ulezi, walifuga, na waliwinda kwa upinde na mishale ya sumu kwa ustadi uliojulikana mbali. Mpaka leo wazee wa Ikoma wanaheshimu Machaba, meno mawili ya tembo ambayo simulizi zinasema yalitoka kwa mtabiri wa Kitatoga. Meno hayo hufichwa msituni na kutolewa wakati wa tambiko tu.

Miaka ya 1890 iliwavunja. Sotoka iliteketeza ng'ombe, ndui na njaa vikafuata, na mashambulizi ya Wamasai yakazidisha shida. Mvumbuzi kutoka Austria, Oscar Baumann, alipokatiza Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892 kuelekea Ziwa Victoria, alikuta watu waliokondeana kwa njaa. Wajerumani waliwakuta wenyeji hawa wakiwa bado hawajasimama sawasawa.

Boma lajengwa

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga boma la mawe juu ya kilima kinachotazama bonde la Grumeti. Lilikuwa jicho la serikali katika nchi iliyokuwa mbali na Mwanza, kusini kidogo ya mpaka na Waingereza. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, kikosi cha 14 cha jeshi la Wajerumani kilikuwa na makao yake Mwanza na kituo chake Ikoma. Kama ilivyokuwa kwenye maboma mengine, askari Waafrika waliishi hapo na wake zao na watoto, na wanavijiji walidaiwa kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1898, pamoja na nguvu kazi.

Tukio kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 1917, wakati Wajerumani walikwishaondolewa kaskazini mwa koloni. Kapteni Max Wintgens alijitenga na wenzake kusini, akaongoza mamia ya askari kurudi kaskazini. Alipougua homa kali na kujisalimisha kwa Wabelgiji mwezi Mei, Luteni Heinrich Naumann alishika uongozi, akaikamata Ikoma. Mwishoni mwa Juni Wabelgiji walimshambulia hapo wakapigwa. Naumann aliondoka na kuendelea kuzunguka, mpaka alipozingirwa na kujisalimisha katika nchi ya Kondoa miezi mitatu baadaye.

Vitabu vimehifadhi majina ya maofisa hao. Wapagazi waliobeba risasi na vyakula vyao hawana hata jiwe la kumbukumbu, ingawa wanahistoria wanakadiria kwamba katika vita nzima ya Afrika Mashariki wapagazi wapatao laki moja walikufa upande wa Waingereza pekee.

Kuanguka mara mbili

Chini ya Waingereza utawala ulihamia Musoma, na boma likabaki gofu. Hifadhi ya Serengeti ilipotangazwa mwaka 1951, wenyeji walipoteza zaidi ya boma: mahame ya babu zao yakabaki ndani ya mipaka, na uwindaji uliowalisha ukaitwa ujangili.

Miaka ya 1960 magofu yakageuzwa hoteli, na watalii wengi walifika wakitokea Nairobi. Februari 1977, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuyumba, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ulipofunguliwa tena mwaka 1983, biashara ya Fort Ikoma ilikuwa imekwishakufa.

Uhai mpya

Ikoma imeinuka tena kwa njia nyingine. Vijiji vitano, vikiwemo Robanda na Nata-Mbiso, viliunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, yenye takriban kilomita za mraba 242. Tangu 2006 vina haki ya kunufaika na wanyama walio kwenye ardhi yao: wawekezaji wenye kambi na hoteli hulipa, na mgao hufika vijijini. Gharama nazo zipo. Tembo hawaulizi mpaka wa shamba, na familia inaweza kulala ikiwa na mahindi ikaamka haina.

Faida hiyo sasa iifikie historia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. La baadaye hulindwa pale tu Waziri anapolitangaza. Kwa hiyo boma la Mjerumani linahitaji mtetezi, na mtetezi wa kwanza wa Ikoma anapaswa kuwa mwenyeji wake.

Halmashauri ya Serengeti, jumuiya ya Ikona na walimu wa historia wana kazi iliyo ndani ya uwezo wao: kurekodi simulizi za wazee wa Robanda na Nata kabla hawajaondoka, kuweka kibao kinachowataja askari na wapagazi, na kuwafundisha vijana wanaoongoza watalii waisimulie Ikoma yote, ya Machaba na ya mizinga. Nyumbu watarudi kila mwaka bila kuitwa. Mzee akiondoka na simulizi yake, harudi.