Bangi ya tiba: mlango uko wazi, dawa iko wapi?

Kila kampeni swali hurudi: bangi iruhusiwe kwa matibabu? Nasoma sayansi ya siasa, na hata mimi nilidhani sheria yetu imekataa kabisa. Kumbe sivyo. Twende na historia.

1/ 1961: Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaiweka bangi kwenye kundi la masharti makali zaidi, pamoja na heroini.

2/ 1994: Bunge letu linapitisha sheria ya mihadarati. Wakati huo, bangi ya kuvuta mwenyewe ilikuwa jela miaka 10. Lakini kifungu cha 3 hakimgusi daktari aliye nayo kwa ajili ya tiba, wala mgonjwa aliyeandikiwa naye.

3/ 2017: Lesotho inaanza kutoa leseni za kuikuza kwa dawa.

4/ Desemba 2020: UN inapiga kura kuitoa kwenye kundi lile. Ndio 27, la 25. Kenya ilisema la.

5/ Shangazi yangu alipokuwa kwenye kemo alitapika hadi akakosa nguvu ya kusimama. Kwa mgonjwa kama yeye, ruhusa ya karatasi haitoshi. Kwa hivyo mgombea akija kwenu, msimuulize tu kama anaunga mkono bangi. Muulizeni: nani ataikuza, nani ataipima, na mgonjwa ataipata wapi?