Umeme wa Mwadingusha na Joto la Samaki

Mwaka 1930 nguvu za Mto Lufira zilianza kutoa umeme pale Mwadingusha kwa ajili ya viwanda vya shaba vya kampuni ya madini ya Union Minière, na nyuma ya bwawa likatanda Ziwa Tshangalele lenye wavuvi wake. Katika eneo hilo la Katanga, kusini mwa Kongo, ufugaji wa samaki ulitegemea zaidi kumchagua samaki anayeyaweza maji ya mahali, si kuyapasha maji moto. Katika miaka ya 1940 majaribio ya tilapia karibu na Élisabethville (Lubumbashi ya leo) yalifanyika kwenye mabwawa ya wazi. Samaki huyo hustawi kwenye nyuzi joto 25 hadi 30 za Selsiasi, na baridi ya Juni na Julai humpunguzia ulaji na uzazi, lakini haimwangamizi.

Mtu anayefuga samaki nyumbani atapinga kwamba tangi la sebuleni si ziwa: maji machache hupoa upesi. Ni kweli, na hita yenye themostati, takriban wati moja kwa lita, hulitatua hilo. Lakini hita hutaka umeme usiokatika, na umeme wa Lufira ulijengewa migodi kwanza. Hata ukarabati wa kituo cha Mwadingusha uliokamilika mwaka 2021 ulihusishwa na mgodi wa Kamoa-Kakula. Kwa hiyo samaki mstahimilivu achaguliwe kwanza, hita ifuate kama msaidizi.