HISTORIA YA BARIDI KALI NA MBEGU YA FAHALI

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya chama chetu, wenzetu wameandika habari za kahawa, maharage na mizani. Sisi tumepewa kazi ya kueleza jambo ambalo wanachama wa Kasulu na Kibondo wameliuliza mara nyingi mikutanoni: ule mtungi wa baridi, unaotajwa kila yanapozungumzwa mambo ya ng'ombe bora, asili yake ni nini, wafanya kazi gani, na je, wafaa kununuliwa kwa fedha ya wote? Swali ni zuri, na jibu lake lina historia ndefu.

Yatupasa tuanze nyumbani. Katika Buha ya zamani, tangu Heru hata Muhambwe, ng'ombe hakuwa maziwa na nyama tu. Mwenye mifugo mingi alimkabidhi mwenziwe ng'ombe, naye aliyepokea alimlipa kwa utumishi na utii. Mapatano hayo yaliitwa ubugabire. Kwa hiyo mbegu ya fahali mzuri ilikwenda pale alipotaka bwana wake, na mnyonge aliipata kwa kuinama. Ng'ombe wenyewe walikuwa wa pembe ndefu, jamaa ya wale wa Ankole, wavumilivu lakini maziwa yao haba. Mabondeni, upande wa Malagarasi na Moyowosi, mbung'o walitawala. Na katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa wilaya hizi, ikawakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya malale. Kumleta fahali wa kigeni katika nchi kama hiyo ilikuwa kumleta kaburini. Ilihitajika njia ya kuleta mbegu bila kumleta fahali, na njia hiyo ilitoka katika elimu ambayo mwanzoni haikuhusu ng'ombe hata kidogo.

Baridi ya alfajiri huku kwetu milimani hutufanya tujifunike blanketi mbili, lakini haifikii hata kiasi cha kugandisha maji, yaani nyuzi 0 za Sentigredi. Wataalamu wanatufundisha kwamba joto ni mtikisiko wa chembe ndogo sana zilizomo katika kila kitu. Mtikisiko ukipungua, kitu hupoa. Na mpaka wa kupoa ni nyuzi 273 na kidogo chini ya sifuri. Hapana baridi ipitayo hapo.

Katika mwaka wa 1877, Louis Cailletet wa Ufaransa na Raoul Pictet wa Uswisi, kila mmoja kwa njia yake, walifaulu kuigeuza hewa ya oksijeni kuwa ukungu wa matone. Mwaka wa 1883, mabingwa wawili wa mji wa Kraków, Zygmunt Wróblewski na Karol Olszewski, walipata oksijeni na naitrojeni zikiwa maji yanayoonekana ndani ya chombo. Ndipo mwaka wa 1895 Mjerumani Carl von Linde, aliyekuwa amekwisha kutengeneza mitambo ya kupoza bia, alipounda mtambo wa kugeuza hewa kuwa maji kwa wingi. Kanuni yake ni hii: hewa hushindiliwa kwa nguvu, ikapozwa, kisha ikaachiliwa ipanuke ghafula. Katika kupanuka hupoa. Iliyopoa huipoza ile inayofuata, hata mwisho hewa yenyewe hudondoka kama maji. Katika kila sehemu 100 za hewa tuivutayo, sehemu 78 ni naitrojeni, nayo ikiwa maji huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Basi maji hayo ya mtungini si dawa wala si uchawi. Ni hewa hii hii iliyopozwa.

Wengine walikwenda mbele zaidi. Mwaka wa 1908 Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes, katika mji wa Leiden, aliigeuza heli kuwa maji kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, na mwaka wa 1911 akagundua kwamba zebaki katika baridi hiyo hupitisha umeme bila kizuizi chochote. Kwa elimu hiyo hospitali kubwa zina sumaku zenye nguvu za kupiga picha za ndani ya mwili.

Lakini baridi, kama maji ya kisimani, yahitaji chombo. Mskoti James Dewar alitengeneza chombo hicho mwaka wa 1892: chupa yenye kuta mbili, na katikati yake hewa imeondolewa, joto lisipate daraja la kupitia. Hakujiandikishia haki ya ugunduzi wake, na wafanyabiashara wa Ujerumani wakaanza kuiuza mwaka wa 1904 kwa jina la Thermos. Sisi twaijua kama chupa ya chai. Mtungi wa mbegu ni ndugu yake mkubwa: ile huhifadhi moto usitoke, huu huzuia joto lisiingie.

Lilibaki tatizo moja. Mbegu ikigandishwa hivi hivi, barafu huiharibu. Mwaka wa 1949, mjini London, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu ya jogoo katika maji ya sukari, wakashindwa mara nyingi. Siku moja ikafaulu. Walipoichunguza chupa waliona haikuwa na sukari. Kumbe ilikuwa na gliserini, maana vibandiko vilikuwa vimechanganyika. Wangeweza kuimwaga wakanyamaza, lakini waliuliza sababu. Mwaka wa 1951 akazaliwa Uingereza ndama wa mbegu iliyogandishwa. Hatuna budi kukumbuka kwamba Mtanzania Erasto Mpemba naye, alipokuwa mwanafunzi wa Magamba mwaka wa 1963, aliona maziwa ya moto yakiganda mbele ya yaliyopoa. Alichekwa, hakuacha kuuliza, na mwaka wa 1969 makala yake na Denis Osborne ilitolewa ikasomwa duniani.

Afrika ya Mashariki haikukaa nyuma. Kenya ilifungua kituo chake cha uhimilishaji huko Kabete mwaka wa 1946, na kwetu Tanzania Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilianzishwa Usa River, Arusha, katika miaka ya 1980. Huko mbegu ya pando moja hugawanywa katika mirija mamia, kila mmoja robo au nusu ya mililita, na katika naitrojeni hudumu miaka mingi hata baada ya fahali mwenyewe kufa.

Wako wanachama wasemao kwamba baridi ya namna hiyo haiwezi kusafiri katika njia zetu. Na watazame ng'ambo ya magharibi. Ugonjwa wa Ebola ulipozuka Kivu Kaskazini mwaka wa 2018, chanjo yake ilitakiwa kutunzwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, nayo ilifikishwa Beni na vijijini katika vyombo vinavyotunza baridi siku kadhaa bila umeme.

Hata hivyo, tusidanganyane. Naitrojeni hupungua kila siku, mtungi ufunguliwe au usifunguliwe, na barabara ya kutoka Usa River hupita Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi kabla ya kufika kwetu. Mtungi ukikauka, mbegu yote imekufa, wala hapana alama ya nje ya kuonyesha. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kupima kina kwa kijiti na kuandika daftarini, na mhimilishaji aliyefunzwa. Lazima mfugaji naye awe na macho: ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi ahimilishwe jioni, si kesho kutwa. Mtungi usizibwe kwa nguvu wala kuwekwa katika chumba kisicho na dirisha, maana lita moja ya maji hayo hugeuka karibu lita 700 za hewa, ikamnyima mtu pumzi. Tena ndama chotara bila josho atakufa kwa ndigana kali, na bila malisho hatatoa maziwa ya damu yake. Daftari la majina ya mafahali ni la lazima pia, ili binti asizalishwe na babaye.

Mfugaji mmoja mwenye ng'ombe wawili hawezi kuyabeba hayo yote. Vijiji kumi vyaweza. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, mtungi ni kazi ya ushirika kama ilivyo mizani ya kahawa. Lakini ununuliwe baada ya mhimilishaji kupatikana, safari za kujaza kupangwa na majosho kufanya kazi, wala si kabla. Zamani mbegu bora ilimfuata bwana wa ubugabire. Siku hizi humfuata yule anayeweza kutunza baridi, na tukikubaliana katika mkutano mkuu, anayeitunza atakuwa mwajiriwa wetu sote, na mjane mwenye ng'ombe mmoja ataipata kwa bei ile ile anayolipa mwenyekiti.