Kiingereza cha Mtihani na Kiingereza cha Njiani: Habari za Mpaka wa Tunduma

Mkoa wa Songwe ni mpya kwa jina, kwa kuwa ulitengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Lakini mambo ya lugha yaliyomo ndani yake ni ya zamani. Wanyiha wa Mbozi, Wandali wa Ileje, Wabungu wa Songwe na Wanyamwanga wa Momba, kila kabila lina lugha yake. Juu ya lugha hizo kimekaa Kiswahili, na juu ya Kiswahili kimewekwa Kiingereza. Basi kwa watoto wengi wa huko, Kiingereza wanachokikuta katika kidato cha kwanza ni lugha ya tatu. Lugha hiyo imefundishwa na kutahiniwa kwa miaka ipatayo mia moja, na bado wengi waliofaulu mitihani yake hushindwa kuizungumza. Sababu ya jambo hili haipatikani katika sarufi peke yake. Yapatikana katika historia ya kazi ambazo lugha hiyo ilipewa.

Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890 yalipitisha mpaka katikati ya nchi ya Wanyamwanga, hata ndugu wakawa raia wa dola mbili. Upande wa Wajerumani, wamisionari wa Kimoravian walifika Mbozi mwishoni mwa karne ya 19; mmoja wao, Traugott Bachmann, alijifunza Kinyiha na kukiandika, na serikali nayo ilitumia Kiswahili katika shule na ofisi zake. Upande wa Waingereza, wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia walijenga kituo Mwenzo, si mbali na Tunduma. Huko Kiingereza kilikuwa mlango wa kazi na wa sauti mbele ya watawala. Donald Siwale, Mnyamwanga aliyesomea Livingstonia, alikuwa miongoni mwa walioongoza Chama cha Ustawi cha Mwenzo, pamoja na David Kaunda, baba wa Kenneth Kaunda aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Zambia. Kwa watu wa namna hiyo Kiingereza kilikuwa chombo cha kusemea, na kilikuwa na watu wa kusemeshwa.

Maneno yenyewe yahifadhi habari hizi. Kiswahili cha Tunduma husema shule, neno lililotoka katika Kijerumani. Kibemba, kinachosikika Nakonde ng'ambo ya mpaka, husema isukulu, neno lililotoka katika Kiingereza, kama Unguja wasemavyo skuli. Walakini Kibemba hicho hicho huita kitabu icitabo, neno lililopokewa kutoka katika Kiswahili. Kwa hiyo jengo lilipewa jina na mtawala, na kilichosomwa kikapewa jina na jirani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliitawala Tanganyika, wakaendelea kutumia Kiswahili katika madarasa ya chini, na Kiingereza katika madarasa ya juu. Kuanzia hapo Kiingereza kikawa ngazi, na kila kipandio chake ni mtihani, hadi Cheti cha Cambridge kwa wachache waliofika kileleni. Mafundisho nayo yalifuata mtihani. Msamiati ulipimwa kwa hesabu: orodha mashuhuri ya Michael West, iliyochapwa mwaka 1953, ilikusanya maneno ya msingi yapatayo 2,000. Sarufi ilifundishwa kwa kujaza mapengo na kugeuza sentensi kutoka kauli ya kutenda hadi ya kutendwa.

Si kwamba sarufi hiyo haikuwa na uzito. Kinyiha na Kiswahili havitofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, hali Kiingereza hulazimisha tofauti hiyo katika kila sentensi. Kadhalika vibainishi ambavyo Kiingereza huvitanguliza mbele ya majina havina kifani katika lugha za Kibantu za nchi hiyo. Mwanafunzi aweza kuikariri kanuni na kuiandika sawasawa katika karatasi, kisha akaikosea mara tu anapofungua kinywa; maana kanuni hugeuka kuwa mazoea kwa kutumiwa, nayo mazoea hayapatikani pasipo watu wa kuzungumza nao.

Baada ya uhuru nchi hizi mbili jirani zilifuata njia mbalimbali. Mwaka 1966 Zambia ilikifanya Kiingereza lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, ingawa baadaye ilirudisha lugha za wenyeji katika madarasa ya mwanzo. Mwaka 1967 Tanzania ilikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia elimu yote ya msingi, ikaacha Kiingereza katika sekondari. Uamuzi wa Tanzania ulileta faida kubwa, kwa sababu mtoto alifundishwa kwa lugha aliyoifahamu. Lakini pengo likabaki kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari pia. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 uchunguzi wa Criper na Dodd ulionyesha kwamba ni kama mmoja tu kati ya wanafunzi kumi wa kidato cha nne aliyefikia kiwango cha kuanza kusoma masomo kwa Kiingereza. Yaani mwanafunzi alikuwa anamaliza safari pale alipopaswa kuianzia.

Wakati huohuo Tunduma yenyewe ilikuwa imegeuka kuwa njia kuu. Utawala wa walowezi Wazungu wa Rhodesia ya Kusini ulipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilitafuta bandari Dar es Salaam. Bomba la mafuta lilianza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA mwaka 1976, vyote vikipita Tunduma. Na mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha huduma za mpakani. Hata hivyo Kiingereza hakikushika njia hiyo peke yake. Hati za forodha huandikwa kwa Kiingereza, lakini dereva wa Lubumbashi, wakala wa Tunduma na mwuza mahindi wa Nakonde mara nyingi huelewana kwa Kiswahili, au kwa Kibemba, au kwa Kinyamwanga cha pande zote mbili.

Hapa ndipo fumbo linapofumbuka. Kiingereza cha shule za Songwe kimepewa kazi moja kubwa, nayo ni kuwachuja watahiniwa. Nacho kimeitimiza kazi hiyo barabara. Ufasaha wa kila siku ni kazi nyingine, ambayo mpakani hutimizwa na lugha nyingine. Anayetaka kijana wa Mbozi aseme Kiingereza hana budi kumpatia mahali pa kukisemea, na mwalimu anayekisema kwa wepesi. Na anayetaka kijana huyo aielewe sayansi hana budi kuuliza kama ni haki aielewe kwa lugha ambayo bado anajifunza kuisema. Maswali haya mawili yamechanganywa tangu zamani, na mtihani mmoja umetakiwa kuyajibu yote. Kuyatenganisha ndiko mwanzo wa kuyatatua.