Nafsi na Nafasi, Mahari na Mahali

Sisi tunaofundisha dini katika vijiji vya Masisi na Walikale twalijua swali moja ambalo jibu lake hupotea kwa herufi moja. Twawauliza watoto: Katika Mungu mmoja mna nafsi ngapi? Nao huitika kwa sauti kubwa: Nafasi tatu! Mtu wa pwani angecheka. Sisi hatucheki, maana kwetu watu hawasemi mahali, husema fasi, na fasi ni hiyo hiyo nafasi iliyokatwa kichwa. Basi mtoto amekiri kwamba Mungu ana fasi tatu, kama tajiri mwenye nyumba Goma, nyumba Masisi na shamba Walikale. Kosa la ulimi limekuwa kosa la imani.

Maneno hayo mawili yametoka katika Kiarabu. Nafs ni roho, au mtu mwenyewe. Nafas ni pumzi. Shina lao ni moja, na katika Kiebrania lina ndugu yake, nefesh. Ndilo neno la kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, pale Adamu alipokwisha kupuliziwa pumzi ya uhai akawa mwenye kuishi. Tena maana ya nafas ilisogea polepole: anayepata kupumua amepata faraja, mwenye faraja ana wasaa, na mwenye wasaa ana nafasi. Kwa hiyo mtoto wetu hakukamata neno geni kabisa. Amekamata ndugu mdogo akamwita kwa jina la mkubwa. Tangu tulipojua hayo, twamwambia mtoto ashike pua yake, asikie pumzi, kisha twaanza upya.

Lakini maneno ya Kiarabu yalifikaje katika milima yetu? Yalikuja kwa miguu. Misafara ya pwani na Unguja ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikaingia Maniema, jirani ya Walikale. Tippu Tip alifika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwaka 1874. Hao walitafuta pembe na watumwa, na machozi waliyoyaacha hatuna haja ya kuyapunguza. Vita vya miaka 1892 hadi 1894 viliivunja enzi yao. Lugha yao haikuvunjika. Askari waliishika, mapadri wakaiandika, wafanyakazi wa migodini wakaichukua mbele zaidi.

Ikawa lugha ya watu ambao kila mmoja alikuwa tayari na ulimi wake: Wahunde, Wanyanga, Watembo na wengine. Halafu, kati ya mwaka 1937 na 1955, serikali ya Wabelgiji ilileta Wanyarwanda wengi kuishi Masisi. Kinyarwanda hakitengi l na r kama Kiswahili kinavyozitenga. Kwake ni sauti moja. Ndipo kalamu ya kuandikia na karamu ya arusi zilipopata kufanana, na kula chakula kukakaribiana na kupiga kura, ile kura aliyochaguliwa nayo Mathia mahali pa Yuda.

Mahari na mahali ndiyo yaliyotuumiza zaidi. Hayana undugu wowote. Mahali ni mahall ya Waarabu, na shina lake ni kufungua mzigo na kutua: neno la msafara hasa. Mahari ni mahr, na Waebrania walisema mohar. Katika Mwanzo, sura ya 34, Shekemu anawaambia baba na ndugu za Dina wamtajie mahari kubwa kadiri wapendavyo. Desturi hiyo, basi, si ya milima yetu tu, ingawa wako wanaodhani ilianzia kwa babu zetu.

Jamaa moja ya msichana iliwaandikia wakwe: Njoni Jumapili tuongee juu ya mahali. Aliyewasomea barua hiyo alikuwa mmoja wetu, naye aliisoma kama ilivyoandikwa. Wazee wa kijana wakaja mikono mitupu, wamejiandaa kusema arusi ifanyike wapi. Wazee wa msichana walikuwa wamekwisha kufagia zizi. Mmoja akauliza, Baba, mbuzi wako wapi? Mwingine akajibu, Mbuzi wa nini, kabla hatujajua fasi? Kila upande uliona umedharauliwa. Kasiksi iliyopikwa kwa ajili ya wageni ikanywewa na majirani, na matangazo ya ndoa yakangoja kanisani mpaka maharagwe yalipovunwa.

Barua ya pili tuliiandika sisi. Haikutaja mahari wala mahali. Tuliandika: mbuzi.