Konsoli Chotara na Mchezaji wa Pili

Nyumbani kwetu Buyenzi, Bujumbura, kuna Nintendo Switch Lite ya rangi ya kijivu ambayo baba mdogo alituletea kutoka Brussels mwaka 2021. Tulikuwa watoto wanne. Kaka yangu alikuwa ameshachomoa waya wa HDMI kwenye king'amuzi hata kabla boksi halijafunguliwa, kwa sababu sote tulikuwa tumeona kwenye simu kwamba Switch huchezwa kwenye runinga. Tuliigeuza mashine ile huku na huku tukitafuta pa kuchomeka. Tundu la chaja lilikuwepo, lakini halikuwa la kutoa picha. Baba mdogo hakudanganywa na mtu, wala yeye hakutudanganya sisi. Alinunua ile iliyolingana na mfuko wake, na jina kwenye boksi lilikuwa Switch.

Insha hii imetokana na tundu lile tulilolikosa. Swali lenyewe ni hili: je, konsoli chotara (neno nimeliazima kwa wakulima wa mahindi), yaani iliyobuniwa kuchezwa mkononi na pia kwenye runinga, inafaa kuuzwa katika matoleo ya kazi moja tu? Wanaolijadili hulifanya kuwa swali la bei, uzito na ukubwa wa skrini. Nilipoifuatilia historia ya mashine hizi niliona jambo jingine. Mpaka kati ya mkono na sebule, tangu mwanzo, umekuwa mpaka kati ya kucheza peke yako na kucheza na mwenzako.

Mwaka 1980 kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani, ilianza kuuza Game & Watch, vifaa vidogo vilivyobuniwa na Gunpei Yokoi. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia ndani ya treni, alipomwona abiria akipoteza muda kwa kubonyeza kikokotoo chake. Tazama asili yake: mtu mmoja, safarini, asiyezungumza na jirani yake. Miaka mitatu baadaye, Julai 1983, kampuni hiyohiyo ilitoa Famicom, mashine ya kuunganishwa na runinga. Famicom ilikuwa na padi mbili, na waya za padi hizo zilikuwa zimefungwa moja kwa moja kwenye mashine. Huwezi kuzichomoa wala kuuziwa moja. Aliyenunua boksi moja alikuwa amenunua nafasi za watu wawili, atake asitake. Wengi wetu katika nchi hizi tuliijua Famicom kupitia nakala zake za bei nafuu zenye kaseti za njano, na hata wenye nakala hizo waliendelea kutia padi mbili kwenye boksi.

Game Boy ilipokuja mwaka 1989 ilirudi upande wa abiria wa treni. Ilikuwa na skrini moja ndogo isiyo na rangi, betri nne, na mchezaji mmoja. Mwenzako alitakiwa awe na Game Boy yake, na mara nyingi nakala yake ya mchezo, ndipo muunganishwe kwa waya. Pokémon, iliyotoka Japani mwaka 1996, ilijengwa juu ya hali hiyo: iliuzwa katika matoleo mawili tofauti ili watoto walazimike kubadilishana. Biashara hiyo ilileta faida kubwa. Lakini ilitaka kila mtoto awe na mashine yake, na hilo ni sharti ambalo si kila nyumba inalimudu.

Majaribio ya kuvuka mpaka huo yalikuwepo. Mwaka 1994 Super Game Boy iliwezesha kaseti za Game Boy kuchezwa kwenye runinga kupitia Super Famicom. Mwaka uliofuata Sega iliuza Nomad nchini Marekani, mashine ya mkononi iliyokubali kaseti za konsoli yake ya sebuleni, ila ilikula betri sita kwa muda mfupi mno. Mwaka 2003 kukaja Game Boy Player, ya kuchomekwa chini ya GameCube. Yote hayo yalikuwa madaraja, na kila upande wa mto ulibaki na mwenyewe.

Kilichokuja kuuvunja mpaka ni gharama ya kutengeneza michezo yenyewe. Nintendo ilikuwa inalisha familia mbili kwa wakati mmoja. Mchezo wa DS haukuingia kwenye Wii, wa 3DS haukuingia kwenye Wii U, na kadiri picha zilivyozidi kuwa nzito ndivyo kila mchezo ulivyotaka watu wengi zaidi na miaka mingi zaidi. Wii U, iliyotoka Novemba 2012, iliteseka kwa uhaba wa michezo; hadi mwisho wa maisha yake iliuza mashine takriban milioni 13.5, wakati Wii iliyoitangulia ilikuwa imepita milioni 100. Wii U ilikuwa na padi yenye skrini ya inchi 6.2 iliyokuwezesha kucheza bila runinga, lakini ukisogea mbali na mashine picha inakatika. Ni kama mbuzi aliyefungwa kamba, anayeyaona majani ya mbali na hawezi kuyafikia.

Mwanzoni mwa 2013 Nintendo iliunganisha idara zake mbili za kubuni mashine, ya mkononi na ya sebuleni. Mwaka uliofuata rais wake, Satoru Iwata, aliwaeleza wawekezaji mpango ambao naona haujasomwa vizuri na wanaojadili swali letu. Alisema mashine za baadaye zitakuwa kama ndugu wa familia moja, zikitumia msingi mmoja wa programu, na kwamba idadi ya maumbo ya mashine huenda ikaongezeka badala ya kupungua. Iwata alifariki Julai 2015 bila kuiona Switch ikiingia sokoni tarehe 3 Machi 2017. Nimeweka maneno yake hapa kwa sababu wengi hudai kwamba kuigawa Switch ni kuusaliti ubunifu wake. Kwa ushahidi huu, sivyo. Kilichokusudiwa kuwa kimoja ni maktaba ya michezo. Mashine yenyewe iliachiwa ruhusa ya kuwa nyingi.

Hata hivyo Switch ya kwanza ilifanya jambo ambalo hotuba ya wawekezaji haikuligusa. Padi zake, Joy-Con, huchomoka pande zote mbili za skrini, na kila moja ikilazwa inakuwa padi kamili. Kwa hiyo ndani ya boksi moja, kama ilivyokuwa kwa Famicom, mlikuwa na nafasi za watu wawili. Zaidi ya hapo, nafasi hizo zilitembea. Mkiwa kwenye basi au kwenye mkeka uani, mnaisimamisha skrini kwa mguu wake na kugawana padi. Kwa mara ya kwanza mashine ya mkononi haikuwa ya abiria mpweke. Ukiniuliza ni nini kilicho chotara katika Switch, nitataja hilo kabla ya kutaja runinga.

Ndipo mgawanyo ukaanza, kwa njia mbili ambazo ni lazima tuzitenganishe.

Njia ya kwanza haijulikani sana nje ya Japani. Mwezi Mei 2018 Nintendo ilianza kuuza huko, kupitia duka lake la mtandaoni, Switch isiyo na kikalio, yaani kile kifaa kinachoipokea mashine na kuiunganisha na runinga. Bei ilikuwa yeni 24,980 kabla ya kodi, badala ya 29,980. Iliitwa seti ya mashine ya pili. Jina hilo lina uaminifu ninaoupenda, kwa sababu linamwambia mnunuzi kwamba kitu hiki ni kwa ajili ya nyumba ambayo tayari ina kikalio. Na kama hana, mashine yenyewe haijapungukiwa na chochote. Akipata fedha atanunua kikalio na ataingia sebuleni.

Njia ya pili ni Lite, iliyotoka tarehe 20 Septemba 2019 kwa dola 199.99, dola 100 chini ya Switch ya kawaida. Skrini ilipungua kutoka inchi 6.2 hadi 5.5, na uzito ukashuka hadi gramu 275 hivi. Padi zilifungwa mwilini zisichomoke, mguu wa kuisimamisha ukaondolewa, na uwezo wa kupeleka picha kwenye runinga ukaondolewa pia, hata kwa mtu aliye tayari kununua kikalio. Kwa maneno mengine, seti ya 2018 ilikuuzia nyumba bila ufunguo mmoja, ilhali Lite ilikuuzia nyumba ambayo mlango wake umejengewa ukuta. Michezo kama Super Mario Party, ambayo kiini chake ni kukusanya watu, haichezeki kwenye Lite mpaka ununue Joy-Con kando. Sipingi kwamba watu waliitaka: zaidi ya Lite milioni 20 zimeuzwa. Mwalimu wangu mmoja aliniambia kwamba idadi hiyo inatosha kufunga mjadala. Mimi naona inathibitisha tu kwamba dola 100 ni fedha nyingi.

Hapo ndipo penye ugumu, na sitaki kuukwepa. Lite ilifaa zaidi kuwa mashine ya pili: ya mtoto ambaye nyumbani kwao tayari kuna Switch, ya msafiri, ya mtu anayeishi peke yake. Lakini bei iliifanya iwe ya kwanza na ya pekee kwa wale wenye kipato kidogo, ambao mara nyingi ndio wenye watoto wengi katika chumba kimoja. Mashine ya mpweke ikaenda kwenye nyumba ya watu wanane. Je, ni afadhali isingekuwepo? Hapana. Kama isingekuwepo, baba mdogo angekuja mikono mitupu, au na nguo. Dai langu ni dogo kuliko hilo: toleo la kazi moja linafaa kuuzwa ikiwa limepunguzwa vitu ambavyo mnunuzi anaweza kuviongeza baadaye. Kupunguza skrini na uzito ni sawa. Kuondoa kikalio ni sawa. Kuuzuia mwili wenyewe usiweze kutoa picha, nje ya mkono wa mwenye nayo, ni kumwamulia maisha yake ya baadaye.

Na toleo la runinga pekee? Halijawahi kutoka, na wanaolipinga hupenda kutaja msiba wa Sony. Mwaka 2013 Sony ilitoa nchini Japani kijisanduku cha kuchezea michezo ya Vita, konsoli yake ya mkononi, kwenye runinga. Kilipofika Marekani mwaka 2014 kiliitwa PlayStation TV na kuuzwa dola 99. Hakikudumu; kufikia mwisho wa 2015 kilikuwa kimeondolewa katika masoko ya Marekani na Ulaya. Lakini tuangalie sababu. Michezo ya Vita ilikuwa imebuniwa kwa kuguswa skrini, kuguswa mgongo wa mashine, hata kwa kamera, kwa hiyo sehemu kubwa yake haikukubali kufunguka kwenye kijisanduku kile. Sony iliyapeleka sebuleni mambo yaliyozaliwa mkononi. Michezo ya Switch, kwa upande wake, karibu yote ilizaliwa ikijua runinga, kwa kuwa mashine ilibuniwa kwa ajili ya runinga pia tangu siku ya kwanza. Mfano wa Sony, kwa maoni yangu, hauthibitishi kile unachotajiwa. Switch isiyo na skrini wala betri, yenye padi mbili ndani ya boksi, ingekuwa Famicom ya wakati wetu. Nadhani ilichogopewa ni kuwekwa rafu moja na PlayStation 4, ambayo ingeishinda kwa picha.

Nakiri kwamba nikiwa Bujumbura nina sababu ya kusitasita hata juu ya hilo. Umeme ukikatika, runinga ni fanicha. Lite yetu huendelea kwa saa tatu, wakati mwingine zaidi, na usiku wa giza ndio pekee ambao hakuna anayeilalamikia.

Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, imerudi kuwa chotara kamili. Safari hii mgawanyo umepita pengine kabisa. Ilipotoka, nchini Japani kulikuwa na toleo la lugha ya Kijapani tu kwa yeni 49,980, na toleo la lugha nyingi kwa yeni 69,980. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili hilo lingestahili insha yake peke yake: lugha imekuwa ukuta ule niliousema, na katika hizo lugha nyingi za toleo la bei kubwa, yetu haimo.

Kaka yangu sasa hulipa kwa mechi katika kibanda cha gemu mtaani, penye PlayStation na runinga iliyofungwa kwa nondo, kwa sababu huko kuna mtu wa kumfunga na wa kumcheka. Mwaka jana alirudi na jozi ya Joy-Con zilizotumika. Lite inazikubali bila waya, ingawa haiwezi kuzichaji, hivyo tunaziazimia chaji kwa rafiki yake. Jumapili tunaiegemeza Lite kwenye kikombe cha chai, skrini ya inchi 5.5 inagawanyika katikati ili wawili washindane magari, na sisi wengine wawili tunachungulia juu ya mabega yao.