Hidrojeni asilia

Hidrojeni asilia ni gesi ya hidrojeni inayojitengeneza yenyewe chini ya ardhi. Njia kuu ni maji kukutana na miamba yenye chuma kingi penye joto: chuma hushika oksijeni ya maji, na hidrojeni hubaki huru. Inapoungua hutoa mvuke wa maji, wala haitoi kaboni dioksidi.

Mfano mashuhuri ni kijiji cha Bourakébougou, nchini Mali. Mwaka 1987 wachimbaji waliokuwa wakitafuta maji walikuta gesi. Ililipuka kwa moto wa sigara, na kisima kikazibwa. Kilipofunguliwa miaka ya 2010, gesi yake ilionekana kuwa hidrojeni kwa takriban asilimia 98, ikaendesha jenereta iliyokipatia kijiji umeme.

Watafiti hupima gesi kwenye udongo na kuchunguza miamba inayoweza kuizuia, kwa kuwa molekuli zake ndogo hupenya kwa urahisi na baadhi ya bakteria huila. Ufaransa iliiingiza katika sheria yake ya madini mwaka 2022. Wingi wa gesi inayoweza kuchimbwa kwa faida ndio utakaoamua thamani yake.